Kidude cha Kubana Mafuta na Nanga ya Mjomba

Mtu akiniuliza kama kile kidude kilifanya kazi, nnamjibu kilifanya. Akiniuliza ndani kilikuwa na nini, hapo nnakumbuka kwamba kuna wageni wananisubiri.

Kilikuwa kidude cheusi, ukubwa wa kidole gumba. Unakichomeka kwenye lile tundu la kuwashia sigara ndani ya gari, kinawaka taa ya kijani, na kwa maneno ya aliyeniuzia, injini inaanza kunywa mafuta kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa chai kwa wakwe.

Gari yenyewe si yangu. Ni ya mjomba wangu, kaka yake mama. Ni zile gari za mlango wa kusukuma pembeni, abiria saba, na kazi yangu ni kupeleka wageni Paje kwenye upepo na mawimbi yao, kisha kuwarejesha mjini wakishakuwa wekundu. Skuli niliishia msingi, lakini usukani niliushika mapema, na mjomba alinipa gari kwa sababu mie ni mtoto wa dadake na kwa sababu nilimwomba kila siku mpaka akachoka.

Mjomba alikuwa fundi wa injini za meli. Kastaafu zamani, ila masikio hayajastaafu. Hata birika likichemka huinamisha kichwa akasikiliza. Basi mtu kama huyo usimwambie kwamba gari inakunywa sana kwa sababu ya jua.

Na kulikuwa na nanga.

Nanga hii mjomba aliinunua Malindi, pale bandarini, kwa mtu aliyekuwa akiuza vyuma vya boti iliyokufa. Alitaka kujenga boti yake ya uzeeni. Boti haijapata hata ubao mmoja mpaka leo, ila nanga ipo. Tatizo likawa pa kuiweka. Nyumba yetu iko ndani ya Mji Mkongwe, ngazi zake zimesimama wima, mtu mnene akiwa anapanda, anayeshuka husubiri juu. Nanga haikupanda. Na hata ingepanda, mkazamjomba, yaani mke wa mjomba, alishasema chuma kile hakivuki kizingiti chake. Mjomba akaitia kwenye gari, nyuma kabisa, akaifunika gunia. "Siku mbili tatu," alisema. Ikakaa miaka miwili. Mie nilikuwa nnapanga mabegi ya wageni juu yake. Mgeni mmoja aliliona gunia limeteleza, akaniuliza kwa upole kabisa kama barabara ya Paje huwa inajaa maji.

Basi alasiri moja nimetoka kwenye safari, nimeegesha Malindi pale gari zinapoishia, kwa sababu vichochoro vyetu haviingii gari. Mjomba huyo, ananisubiri. Kashika kichupa cha piko la mkewe, ile rangi nyeusi ya kuchora mikono ya maharusi, na kijiti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Shuka." Nkashuka, akakaa yeye nyuma ya usukani. "Sindano hii ya mafuta asubuhi ilikuwa wapi?"

"Juu, mjomba. Nilijaza tangi."

"Na sasa?"

"Imeshuka kidogo."

"Hii imeshuka au imeanguka?"

Akatia kijiti kwenye piko, akachora mstari mwembamba juu ya kioo cha geji, pale sindano inapokaa tangi likijaa. Akapiga hesabu zake za baharini, akachora mwingine chini yake. Alichora vizuri, nusra nimwambie amalizie na maua.

"Utatoka hapa," akagusa mstari wa juu. "Ukirudi kutoka Paje, sindano isiwe chini ya hapa. Nnakupa mpaka Ijumaa ya pili. Ikiwa chini, funguo ntampa mkwe wangu."

Mkwe wake huyo, mume wa bintiye, anaendesha gari kama kabeba mayai, tena mayai ya kuazima. Nilimchukia papo hapo.

Msinione nnatia chumvi. Mwezi ule ule mjomba mwenyewe alikuwa kavaa kanzu na koti, kenda Kwerekwe na wazee wawili kuniposea. Baba wa msichana akauliza, "Kijana anafanya nini?" Mjomba akajibu mbele ya watu, "Dereva." Posa ikapokewa. Sasa dereva bila funguo ni nani? Ni kijana tu aliyekaa barzani, na barzani tushajaa.

Nakiri mapema, kwa sababu mtajua tu mbele: kiu ya gari ile, sehemu kubwa ilitoka kwangu. Nikifika Paje nilikuwa nnawasubiri wageni ndani ya gari, injini inanguruma, AC inapuliza, mie nimelala mdomo wazi. Barabara ikinyooka baada ya Tunguu nilikuwa nnataka kujua gari inaweza nini. Na kila nikirudi, nikishawashusha wageni, nilikuwa nnapita Kwerekwe, kwenye mtaa wa mchumba wangu. Mara moja kwenda, mara moja kurudi, mara ya tatu kuhakikisha kama kaniona. Lakini wakati ule ungeniuliza, ningekuapia kwamba injini ina ugonjwa.

Ugonjwa unataka dawa. Nkenda Darajani.

Kuna jamaa pale kakunjua meza ya vitu vya simu: chaja, waya, vioo, spika zinazoimba zenyewe. Nilipomweleza shida yangu hata hakuinua kichwa. Akatoa kidude chini ya meza.

"Hiki hapa. Kinabana mafuta."

"Kinabanaje?"

"Yakhe, weye unataka kubana mafuta au unataka kuwa injinia?"

Nkakishika. Kizito. Nkajisemea, ndani kuna kitu hiki.

"Lakini kina masharti," akasema.

"Masharti?"

"Dawa gani haina masharti? Sikiliza. Kikiwaka taa, AC usiguse, fungua madirisha. Mwendo usipite sitini. Ukisimama, zima gari. Kila asubuhi matairi yapimwe upepo. Safari iwe moja, kwenda na kurudi, usikate kona kwenda kwengine. Na usibebe mzigo usio wa safari. Ukivunja sharti moja tu, kinalala. Usije hapa kunipigia kelele."

"Hiki kidude au mganga?"

"Mganga atakutaka kuku mweusi. Mie nimekutaka kuku?"

Hakunitaka. Nkalipa, nkaondoka nimefurahi. Mtu akikupa masharti sita mfululizo bila kumeza mate unamwamini. Ningeuziwa bila masharti ningesema huyu mwizi.

Nilimwonyesha mjomba. Akakigeuza, akakitikisa karibu na sikio, akanirudishia. Alasiri ikaadhiniwa, nkakichomeka, taa ikawaka kijani, nkashuka kwenda kusali. Mjomba akabaki garini. Sikutia maanani.

Asubuhi yake nkapata wageni wawili, mtu na mkewe, na mabegi yao juu ya nanga. Nkapima matairi. Yote manne yalikuwa laini kama maandazi, jambo ambalo lilinishangaza, kwa sababu sikuwahi kuyatazama. Nkajaza tangi, sindano ikapanda mpaka mstari wa juu, nkasema bismillahi, nkaondoka.

Sitini, jamani. Mnajua sitini ilivyo? Kabla ya Tunguu nilipitwa na pikipiki iliyobeba godoro, na mtu amelala juu ya godoro. Akanipungia. Mgeni akaniuliza AC, nkamwambia hii ni safari maalumu ya upepo wa asili. Mkewe nywele zote zimesimama, lakini akacheka, akatoa kichwa dirishani kama mbuzi anayepelekwa Idi. Tulipofika kwenye miti ya Jozani, kale kabaridi kalipoingia, wakasema hii ndiyo safari nzuri kuliko zote. Nkaona kidude kina baraka nacho.

Paje nkazima gari, nkakaa nje kwenye kivuli cha ukuta. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona Paje nikiwa macho. Kina mama wanatoka kwenye mwani na magunia kichwani, mmoja akanitazama, akamwambia mwenzake, "Kumbe yule dereva ana miguu."

Wakati wa kurudi, Kwerekwe nkapita moja kwa moja. Sikukata kona. Simu ikalia kabla sijafika mjini.

"Nimekuona umepita," mchumba wangu akasema.

"Nipo kazini."

"Siku zote upo kazini, na siku zote unazunguka. Leo vipi?"

"Kuna kidude. Kina masharti."

"Kidude kinakukataza kuja mtaani kwetu?"

"Si mtaani kwenu tu. Mitaa yote."

"Basi ukioana na hicho kidude utualike." Akakata.

Mjomba alikuwa anasubiri Malindi. Akaingia, akatazama geji. Sindano ilikuwa chini ya mstari wa pili, kwa unene wa ukucha. Tena ukucha uliokatwa.

"Mjomba, ukiinama hivi kidogo," nkasema, nkamwonyesha kwa shingo, "ukaiangalia kutoka huku kushoto, iko juu."

"Kaa wima."

"Nimekaa."

"Iko chini."

"Lakini jana ilikuwa chini zaidi, mjomba. Kumbuka jana!"

Akatazama mstari wake, akatazama kidude, akanitazama mie. Nilidhani atacheka. Akashuka akaenda zake.

Siku zikapita. Mgeni kuja, mgeni kurudi, sindano inakaribia mstari, inaubusu, inakataa kuuvuka. Siku moja ilikaa juu ya mstari wenyewe, nkamwita mjomba mbio. Kufika kwake gari ilikuwa imetulia, na sindano nayo ikatulia, chini. Ijumaa ya kwanza ikapita. Mkwewe akaanza kunisalimia vizuri sana.

Nkarudi Darajani.

"Umevunja sharti gani?" akaniuliza yule jamaa, kama alikuwa ananisubiri.

"Hakuna."

"AC?"

"Wageni wangu wananuka jasho kama wapagazi."

"Mwendo?"

"Napitwa na magodoro."

"Kona?"

"Mchumba hapokei simu."

"Mzigo?"

"Hakuna mzigo," nkasema. "Ni nanga tu."

Jamaa akaweka waya aliokuwa anakunja. "Nanga ya nini?"

"Ya mjomba."

"Ya chombo gani?"

"Chombo hakijajengwa."

Akanitazama muda mrefu. Watu wawili waliokuwa wananunua chaja nao wakanitazama. "Yakhe," akasema taratibu, "gari umeitia nanga, halafu unataka iende?"

Kumwambia mjomba aitoe nanga si mchezo. Nilisubiri Alkhamisi alasiri, imebakia siku moja, naye kakaa kwenye barza ya nyumba yetu na kahawa yake. Nkaanza kwa mbali, nkapita kwenye matairi, nkazunguka kwenye masharti, nkafika.

"Mjomba, sharti la mwisho ni mzigo. Usio wa safari."

"Sawa. Utoe."

"Ni nanga, mjomba."

Kikombe kikasimama njiani. "Nanga si mzigo."

"Sasa ni nini?"

"Mzigo ni kitu kinachopelekwa mahali. Nanga ile haipelekwi popote."

"Ndiyo maana ikawa mzigo!" Sauti hiyo ilitoka juu, dirishani. Mkazamjomba alikuwa anaanika kanga, na masikio yake hayapungui ya mumewe.

"Wewe usiingie," mjomba akamjibu bila kuinua macho.

"Siingii. Hiyo nanga ndiyo haikuingia. Miaka miwili unaitembeza Paje na kurudi kama mgonjwa anayepelekwa kwa daktari, halafu unamlaumu mtoto wa watu!"

Mpita njia mmoja akasimama kusikiliza. Mjomba akaona aibu, akashusha sauti, akanigeukia.

"Kama kidude chako kina nguvu, kitashindwa na chuma kimoja?"

"Mie sijui nguvu zake, mjomba. Nnachojua kesho ni Ijumaa. Na pale Kwerekwe ulisema mbele ya watu."

Sikupanga kusema hilo, lilitoka lenyewe. Mjomba akaimaliza kahawa, akaizungusha ile chicha chini ya kikombe. Yeye ni mtu ambaye neno lake likitoka mbele ya wazee halirudi, na sasa alikuwa kalazimika kuchagua: awe kasema uongo kwenye posa ya mpwa wake, au nanga ishuke.

"Kamwite mtu wa mkokoteni," akasema.

Watu wanne tuliishusha. Ilipotoka, gari ilijiinua nyuma kama ngamia anayesimama, na mpaka leo nnaapa niliisikia ikishusha pumzi. Tukaipandisha kwenye mkokoteni, tukaingia nayo vichochoroni, magurudumu yanapiga kelele kwenye mawe, skuta zinarudi nyuma kutupisha. Mjomba alifuata nyuma, mikono mgongoni, uso kaukaza, kama anamsindikiza binti yake kwa mume asiyempenda. Tukaiweka mlangoni, pembeni ya barza, ikaegemea ukuta. Mkazamjomba akatazama kutoka dirishani, akasema, "Haijavuka kizingiti. Naikubali."

Ijumaa nkaondoka mapema kwenda kuwachukua wageni Paje, niwahi kurudi kabla ya sala. Nilikwenda kwa sitini kamili, madirisha wazi. Gari ilikuwa nyepesi mpaka nkaiogopa, kila tuta inaruka. Nilifika Malindi, nkazima, nkakaa wima mwenyewe kabla sijaambiwa, nkatazama.

Juu ya mstari. Si kwa ukucha. Kidole kizima kingeingia katikati.

Mjomba akaja. Akakaa, akafuta miwani, akatazama kutoka kulia, kushoto, na mbele. "Iko juu," akasema.

"Kidude, mjomba!" Nilikuwa nnaruka nje ya gari kama mtoto. "Sikukwambia? Kidude!"

Akakichomoa. Akakikamata kwa vidole viwili, akakipinda kidogo, kikafunguka vipande viwili kama ganda la kombe. Ndani mlikuwa na kitaa cha kijani na vijiwaya viwili. Basi. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa leso imefungwa fundo, akaifungua. Kijibao kidogo ambacho hakijaunganishwa na chochote, gundi iliyokauka, na kipande cha chuma.

"Haya mengine nilishayatoa," akasema. "Nilikuachia taa tu, usije ukalia."

"Umeyatoa lini?"

"Siku ile ulipokwenda kusali alasiri."

Yaani siku ya kwanza. Kabla ya sitini, kabla ya jasho, kabla ya mchumba kunikatia simu. Wiki mbili nilikuwa nnatimiza masharti ya kibuyu kitupu.

"Na hiki chuma kilikuwa kinafanya kazi gani?"

"Uzito. Anayenunua akishika, aone kuna kitu."

Nkakitazama kile chuma, na mdomo wangu hauna breki. "Nacho kidude kilikuwa na nanga yake."

Mjomba akakaza midomo. Ilimchukua muda. Mabega yalitikisika kidogo, akajifanya anakohoa. Alipomaliza, uso ukarudi pale pale.

"Sasa nieleze wewe. Kama kidude hakina kitu, mafuta yalikuwa yanakwenda wapi?"

Nkaona nimenaswa. Nkataka kusema jua. "Mjomba," nkasema, "nilikuwa nnalala Paje na AC."

"Nnajua."

"Na nilikuwa nnakimbia."

"Nnajua. Breki zinasema."

"Na Kwerekwe…"

"Kwerekwe baba yake mwenyewe aliniuliza. Aliniambia, mpwa wako kila siku anapita hapa mara tatu, kapotea?"

Nilitamani ardhi ya Malindi ipasuke, meli ya Dar ipite juu yangu. Lakini siku ile nilikuwa na la kujibu. "Na nanga, mjomba?"

Akazitazama funguo mkononi mwake. "Na nanga," akasema. Taratibu sana, ila alisema.

Hakunipa funguo mkononi. Tulipofika nyumbani alizitundika kwenye nanga, kwenye ule mkono wake uliopinda juu. "Zitakaa hapa. Ukirudi kila siku unazirudisha hapa, mie ntakwenda kutazama sindano. Siku ikilala chini ya mstari, utakuta mkono mtupu."

Kidude alibaki nacho. Taa yake alimfungia mkazamjomba kwenye ngazi, kile kiza pale kona ya pili, inawaka kijani, sasa anayepanda anamwona anayeshuka. Ndiyo kazi pekee nnayojua mie kwamba kidude kile kiliifanya chenyewe. Madereva wenzangu walipopata habari wakaja kuniuliza kinauzwa wapi. Nkawapa masharti yote sita bure, wakakasirika. Walikuwa wanataka kidude.

Watu wa Kwerekwe walikuja kututembelea baadaye, kuona kijana anakaa wapi. Baba wa mchumba wangu alisimama mlangoni kabla hajavua viatu. Akaitazama nanga, ile ndefu, yenye kutu, imekaa nchi kavu pembeni ya barza. Akamtazama mjomba.

"Nauliza tu, Bwana. Mlisema huyu dereva, au nahodha?"

Mie nkaangalia chini. Mjomba akanyoosha mkono, akazitikisa funguo pale zilipotundikwa, zikalia.

"Dereva," akasema. "Funguo zake hizo."